Consejero: mshauri, waziri au mjumbe wa bodi?

Barua za wasomaji kuhusu Kihispania mwezi huu karibu zote zinazunguka jina moja, consejero, pamoja na ndugu zake wa maofisini. Kamusi ndogo ya mfukoni inakwambia ni "mshauri" na kukuacha hapo hapo. Ukiishia hapo utaharibu habari ya gazeti, barua ya ubalozi na hata jina la mkubwa wa kampuni.

Swali: Wahariri, habari za kazi. Nafasiri taarifa za Kihispania kwa ajili ya redio. Nilikuta "la consejera de Sanidad de la Comunidad de Madrid", nikasoma "mshauri wa afya wa Madrid". Msikilizaji aliyewahi kuishi huko akapiga simu kusema huyo ni waziri. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Msikilizaji wako. Ila usikimbilie kuandika "waziri wa afya wa Hispania", maana hilo nalo ni kosa, tena kubwa zaidi.

Tuanze na mzizi. Consejero ni mtu wa consejo, na consejo ina maana mbili: ushauri, na baraza. Zote zimetoka kwenye Kilatini consilium. Anayekupa consejo la kwanza ni mshauri. Anayekaa kwenye consejo la pili ni mjumbe wa baraza, hata kama kazi yake ni kuamua wala si kushauri. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ni Consejo de Seguridad. Hakuna anayelifasiri "Ushauri wa Usalama".

Hispania ina majimbo 17 yenye madaraka ya ndani, yanayoitwa comunidades autónomas. Kila moja lina serikali yake, na wanaoongoza idara za serikali hiyo, kama afya, elimu au kilimo, ndio consejeros. Idara yenyewe ni consejería. Jina ministro limebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo la consejera de Sanidad ni waziri wa afya wa serikali ya jimbo la Madrid. Msikilizaji wa Kenya ataelewa mara moja ukimwambia ni kama waziri wa kaunti. Habari ikitoka Catalonia utakuta conseller au consellera, na ikitoka Galicia ni conselleiro au conselleira. Hizo ni lugha za huko, cheo ni kilekile.

Njia ya kujiokoa ni kutolifasiri neno consejero kabla hujaona mkia wake, yaani maneno yanayolifuata. Jiulize: huyu ni wa baraza gani? Ukipata jibu, fasiri kwa cheo cha baraza hilo. Kwenye kurasa za biashara baraza ni consejo de administración, bodi ya wakurugenzi, basi consejero ni mjumbe wa bodi, na consejero independiente ni mjumbe asiye na maslahi katika kampuni. Consejero delegado, ambaye Wahispania humtaja kila siku, ni mtendaji mkuu: bodi imemkabidhi madaraka yake. Ukimwita "mshauri mjumbe" umemshusha kutoka kiti cha juu hadi benchi la mlangoni. Ukiwa Meksiko na kusoma consejero electoral, baraza ni Consejo General la taasisi ya uchaguzi, INE, lenye consejeros 11 pamoja na anayeliongoza. Kiswahili chake ni kamishna wa uchaguzi.

Ukikosa baraza, kama kwenye consejero espiritual au consejero matrimonial, hapo ndipo "mshauri" linapofaa.

Swali: Sasa mshauri wa kawaida, yule anayeajiriwa kumshauri waziri au kampuni, anaitwaje? (Msomaji, Kampala)

Jibu: Asesor, na mwanamke ni asesora. Limetoka kwenye Kilatini assessor, anayeketi kando ya mwenye kuamua. Tanzania tuna picha yake kamili: wazee wa baraza wanaoketi na hakimu mahakamani.

Mkia wake ni rahisi. Asesor fiscal ni mshauri wa kodi, asesor jurídico wa sheria, asesora de prensa wa mambo ya habari. Ofisi yao ni asesoría. Mgeni anayehamia Hispania atalikuta pia neno gestoría: ofisi inayokujazia na kukupelekea makaratasi ya kodi, gari au kibali kwa malipo. Ukitaka mtu akuoneshe njia ipi ya kodi ina nafuu, nenda asesoría. Ukitaka fomu ifike inakotakiwa, gestoría inatosha. Mlango mmoja mara nyingi una vibao vyote viwili.

Kuna jambo ambalo kamusi halisemi. Katika magazeti ya Hispania, los asesores del ministro mara nyingi ni watu walioletwa na waziri mwenyewe. Kisheria wanaitwa personal eventual, na waziri akiondoka nao wanaondoka siku hiyo. Hao si funcionarios. Funcionario ni mtumishi wa umma wa kudumu, aliyepita mitihani ya ushindani inayoitwa oposiciones, na mabadiliko ya waziri hayamgusi. Ukiwafasiri wote "maafisa wa wizara" msomaji wako hataelewa kwa nini upinzani unalalamikia idadi ya asesores lakini haulalamikii funcionarios.

Shuleni hali ni nyingine. Mwalimu wa ushauri na unasihi Hispania ni orientador au orientadora. Consejo Escolar si watu wa unasihi. Ni baraza la shule lenye walimu, wazazi na wanafunzi. Na kliniki za Amerika ya Kusini, Peru kwa mfano, zina huduma ya consejería en VIH, yaani ushauri nasaha kuhusu virusi vya ukimwi. Neno lilelile la wizara ya jimbo kule Madrid, huku ni kiti mbele ya mnasihi.

Swali: Naona consejo na concejo. Nilidhani moja ni kosa la uchapaji. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ni maneno mawili, na hata wenyeji huyachanganya wakiandika. Consejo tumelieleza. Concejo limetoka kwenye Kilatini concilium, mkutano, na ni baraza la mji au manispaa. Mjumbe wake ni concejal: diwani. Idara anayoisimamia mjini ni concejalía.

Shikilia hivi: S ya consejo ni S ya shauri, C ya concejo ni C ya ciudad, yaani mji.

Sababu ya kuchanganya iko masikioni. Kaskazini na katikati ya Hispania, C mbele ya E au I hutamkwa kama th ya "thelathini", kwa hiyo concejo husikika kon-THE-kho, na mtoto wa Madrid hawezi kuikosea na kon-SE-kho. Lakini sehemu kubwa ya Andalusia, visiwa vya Canary na Amerika ya Kusini yote hutamka zote kwa s. Masikio ya mtu wa Lima hayamsaidii hata kidogo. Ni lazima akariri tahajia, kama wewe. Ukijifunza kwa kusikiliza redio za Meksiko, usiandike neno hili kwa kufuata sikio.

Si kila mahali utakuta concejo kwenye kibao. Hispania ofisi ya mji ni ayuntamiento, ingawa wajumbe ni concejales. Ayuntamiento ya Madrid ina 57, na wao ndio wanaomchagua alcalde, meya, kama madiwani wa Tanzania wanavyomchagua meya wa jiji lao. Bogotá utakuta Concejo lenye concejales 45, Ajentina ni concejo deliberante. Asturias, kaskazini mwa Hispania, wamekwenda mbali zaidi: manispaa yenyewe, ardhi na watu wake, huitwa concejo, na ziko 78. Meksiko, Peru na Costa Rica diwani ni regidor. Uruguay ni edil. Ukitaka kujua diwani wa nchi fulani anaitwaje, fungua ukurasa wa manispaa yoyote ya nchi hiyo, utafute orodha ya wajumbe. Kamusi itakupa yote matatu bila kukwambia la wapi.

Swali: Nawatembeza wageni wa Kihispania Mji Mkongwe. Nikisema asesor wananitazama tu. Nakosea wapi? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Bila shaka unasema a-SE-so, au umeongeza i mwishoni ikawa "asesori". Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na ulimi unabeba desturi hiyo hadi Kihispania. Huko kanuni ni hii: neno linaloishia kwa irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, linaloishia kwa konsonanti nyingine hukazwa ya mwisho. Alama juu ya irabu huvunja kanuni zote mbili.

Kwa hiyo con-se-JE-ro ni kama Kiswahili kabisa, huna kazi. Lakini ni a-se-SOR na con-ce-JAL. Kwenye wingi, a-se-SO-res na con-ce-JA-les, mkazo haujahama: umebaki palepale kwenye so na ja, ni mkia tu ulioongezeka. Anza mazoezi na wingi, ambao ulimi wa Mswahili unauweza, kisha kata -es bila kuhamisha nguvu: asesores, asesores, asesor. Mara kumi asubuhi kwa siku tatu zinatosha.

J ni kh ya "kheri". Mtu wa pwani analo tayari. Wa bara asiyelitofautisha na h asihangaike, maana nchi za Karibiani na sehemu kubwa ya Kolombia wenyewe wanailegeza ikawa h. Kosa la kweli ni kuitamka kama j ya "jambo". "Konsejero" yenye j yetu haieleweki kabisa.

Swali: Mwalimu alinirudishia sentensi hii ikiwa nyekundu tupu: "Yo vi el Consejero de Educación. Mi hermana es una concejal y los asesoras trabajan con ella." Naomba maelezo. (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Iliyo sawa ni: "Vi al consejero de Educación. Mi hermana es concejala y las asesoras trabajan con ella."

Yo si lazima, kwa sababu vi tayari inasema "niliona", kama ni- yetu. Ukiitia si kosa la sarufi, ila unasikika kama unayejipiga kifua.

Mbele ya mtendwa ambaye ni mtu mahususi huja a, na a pamoja na el huungana kuwa al. Wanafunzi wengi huiona ngeni, lakini Mswahili hana sababu. Sisi husema "nilimwona mshauri" na hatusemi "niliona mshauri". -M- hiyo inafanya kazi ileile ya a. Kila unapojikuta unataka kutia -m- au -wa- kwenye kitenzi, simama uangalie kama a imewekwa. Usiifanye sheria ya chuma, kwa sababu "natafuta mshauri", yeyote yule, ni busco un asesor, bila a.

Consejero kwa herufi ndogo. Kihispania huandika vyeo kwa herufi ndogo, hata presidente, na kuziachia herufi kubwa taasisi na jina la wizara: el consejero de Educación, la Consejería de Educación.

Kutaja kazi ya mtu hakuhitaji una: es concejala, soy asesor. Una inarudi ukiongeza sifa: es una buena asesora. La concejal na la concejala zote zinakubalika. Mwalimu wako akikata la kwanza, ni ladha yake. Alcalde huwa alcaldesa, ministro huwa ministra.

Los asesoras ndilo kosa zito. Kiswahili hakina jinsi ya kike na ya kiume, ngeli ya A-WA inawameza wote, kwa hiyo jicho letu halijazoea kukagua. Kama wote ni wanawake: las asesoras. Akiwemo mwanamume hata mmoja, kimapokeo huwa los asesores.

Swali: Nasikia alcalde ni neno la Kiarabu. Je, consejero pia? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Consejero ni Kilatini. Alcalde ni kweli: ni al-qāḍī, kadhi. Waislamu walitawala sehemu za rasi ya Iberia kuanzia mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na vyeo vya ofisi vilibaki. Hapa msomaji wa Kiswahili ana njia ya mkato, kwa sababu maneno hayohayo ya Kiarabu yalifika na kwetu kwa njia nyingine.

Kadhi wetu bado ni mwamuzi wa sheria ya Kiislamu. Yule wa Hispania alianza na hukumu, akaishia kuwa meya. Waziri, al-wazīr, amekuwa alguacil, na ameshushwa cheo vibaya: alguacil ni tarishi wa mahakama au mtumishi wa manispaa. Ile w kugeuka gu si ajabu. Ndivyo wādī al-kabīr, mto mkubwa, ulivyokuwa Guadalquivir. Amiri wetu wa jeshi ana ndugu aitwaye almirante, mkuu wa jeshi la majini. Wasia umo ndani ya albacea, msimamizi wa mirathi. Na diwani? Neno dīwān, daftari au ofisi ya serikali, kwetu limekuwa mjumbe wa halmashauri, na Hispania limekuwa aduana: forodha. Kwa hiyo diwani anayetua uwanja wa ndege wa Madrid hukaguliwa mizigo na jina lake mwenyewe.

Usitumie undugu huu kufasiri. Utumie kukumbuka tu.

Swali: Naandika barua ya kuuliza kuhusu kozi kwa "Consejero de Educación" wa ubalozi wa Hispania. Huyu naye ni waziri? Nimwandikieje? (Msomaji, Goma)

Jibu: Si waziri. Balozi kadhaa za Hispania, ule wa Rabat ukiwemo, zina consejería de Educación, na anayeiongoza ni mwanadiplomasia au mtaalamu wa elimu aliyepelekwa na wizara. Consejero ni ngazi ya ubalozini: chini ya embajador na ministro consejero, juu ya primer secretario. Fasiri "mwambata wa elimu" kama huna haja ya kutaja ngazi, ingawa mwambata hasa ni agregado, aliye chini zaidi.

Anza: "Estimado señor consejero:" au "Estimada señora consejera:", kwa herufi ndogo na nukta mbili, si mkato. Mstari unaofuata unaanza kwa herufi kubwa. Tumia usted, "wewe" ya heshima, mwanzo hadi mwisho. Ukiteleza ukaandika tú, "wewe" ya mazoea, barua nzima itaonekana imeandikwa na watu wawili. Ombi liwe la moja kwa moja: "Le escribo para solicitar información sobre los cursos de español." Malizia kwa "Atentamente," na jina lako. Salamu ndefu za kuulizia familia, ambazo kwetu ni adabu, huko zitafanya ombi lako lifikiwe aya ya tatu.

Swali: Oficial ni afisa? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Jeshini na polisi, ndiyo. Kwenye ujenzi oficial ni fundi aliyekwishaiva, na kama kivumishi maana yake ni "rasmi". Afisa wa ofisi za serikali ni funcionario. Angalia pia secretaria de Salud wa Meksiko: ni waziri wa afya, si katibu muhtasi. Na canciller katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini ni waziri wa mambo ya nje; Ujerumani ni kansela; kwenye ubalozi mdogo wa Hispania ni mtumishi wa makaratasi.

Swali: Nayasahau kila wiki. (Msomaji, Kigali)

Jibu: Unakariri neno tupu. Andika kadi ikiwa na kibainishi (el, la au un), neno na mkia wake: la consejera de Sanidad, el consejero delegado, un asesor fiscal, la concejala de Cultura. Nyuma andika Kiswahili cha kirai kizima. Kadi nane zinatosha kwa wiki. Zipitie kesho yake, siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, ukianzia upande wa Kiswahili, kwa sauti. Uliyoikosa inarudi siku ya kwanza peke yake, si fungu zima. Consejo na concejo usizianze siku moja. Ipe ya pili wiki yake, la sivyo zitashikana kichwani na kuzitenganisha ni kazi mara mbili.

Swali: Na consejal? Nimeiona kwenye bango la uchaguzi, kwenye picha. (Msomaji, Arusha)

Jibu: Hakuna neno hilo. Aliyechapa bango alitaka concejal.